Telefone isiyo na kufuli: mambo ya kutazama kabla ya kutoa dola zako

Katika vikundi vyetu hapa Shari swali hili linarudi kila mara: nikipata zamu yangu ya likelemba, ninunue telefone gani, na nitajuaje kama haitanifungia njiani? Swali si dogo. Telefone ya leo ni mfuko wa fedha wa nyumba. Mtoto aliye Kinshasa anatuma fedha ya dawa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Shule inaita wazazi kwa WhatsApp. Na siku ambazo njia haiko salama, mtu anapiga kwanza kuuliza habari za kule anakokwenda, kabla ya kupanda pikipiki. Mama akinunua telefone mbovu, anakuwa amepoteza miezi ya akiba.

Huko Ulaya na Marekani watu wengi wanachukua telefone kwa mkataba. Kampuni ya rezo inawapa telefone ya bei kubwa kwa fedha kidogo siku ile, halafu wanailipa kila mwezi, mara nyingi kwa miaka miwili. Ili mtu asikimbie na deni, kampuni inaweza kutia kufuli ndani: telefone inakubali karte ya SIM ya kampuni ile tu, nyingine inaikataa. Sisi hatuna desturi hiyo. Tunanunua telefone kwa fedha taslimu, unite kwa kabini, mega kadiri ya mfuko, na hakuna karatasi ya kutia sahihi. Kwa hiyo wengi wanafikiri habari za makufuli ni za watu wa mbali. Lakini telefone zile zile zinatufikia sisi. Zinakuja mkononi mwa ndugu anayetoka Kanada, au ndani ya mizigo inayopita Dubai na Kampala, na mwisho zinalala juu ya meza ya okazyo sokoni Bunia, zimepanguswa vizuri, zinang'aa.

Hapa kwetu telefone lazima iwe wazi kwa kila rezo, kwa sababu rezo moja haitoshi. Kila mmoja wetu anajua pembe ya mtaa ambako Airtel inashika na Vodacom haishiki, au kinyume. Leo mnara mmoja umezimika, kesho mwingine. Na anayetaka kukutumia fedha haulizi wewe unapenda kampuni gani, anatuma kwa ile aliyo nayo. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, ililiona jambo hilo mapema. Ilipoanza kuuza Tecno barani Afrika karibu mwaka 2008, ilileta telefone zenye nafasi mbili za karte, na baadaye Itel na Infinix zikafuata njia ile ile. Ukinunua moja ya hizo ikiwa mpya, ndani ya boksi lililofungwa, kwa kawaida hakuna kufuli la rezo. Kwa maoni yangu, mama mwenye fedha kidogo apendelee Itel mpya kuliko iPhone ya okazyo ya bei ileile. Najua vijana wa nyumbani watacheka. Wacheke.

Ikiwa bado unataka okazyo, basi uende sokoni na karte zako mwenyewe, mbili za kampuni mbalimbali. Usikubali karte ya muuzaji. Tia ya kwanza, piga mtu, sikiliza sauti. Fungua mega, angalia kama picha inaingia. Toa, tia ya pili, fanya vilevile. Telefone ikiomba namba za siri za kufungulia rezo, au ikiandika kwamba karte haikubaliwi, irudishe mezani. Muuzaji atasema, "Mama, toa dola 10 tu, kijana wangu atafungua." Njia ya hakika ya kufungua kufuli hilo ni kwa kampuni iliyolitia, na kampuni ile inaongea na yule aliyenunua kwake.

Kwenye iPhone kuna ujanja mwingine. Mafundi wanabandika kipande chembamba sana juu ya karte ya SIM, kinachodanganya telefone kwamba karte ile ni ya kampuni yake. Inafanya kazi siku ile sokoni. Siku telefone inapojipatia toleo jipya la programu, inaweza kugoma. Kwa hiyo vuta kile kisahani cha karte, ukitazame mchana. Ndani kuwe na karte yako peke yake.

Na kuna iPhone ambazo hazina mahali pa karte kabisa. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina tundu la SIM. Zinatumia SIM isiyoshikika, inayoandikwa ndani ya telefone yenyewe. Ni telefone nzuri na bei yake ni kubwa, lakini yule wa kabini ya jirani anakuuzia karte ya plastiki, na hutapata pa kuitia.

Ndugu akiwa ng'ambo na anataka kukuletea zawadi, mwombe aifungue kabla ya kusafiri. Kanada, tangu tarehe 1 Desemba 2017, kampuni za rezo lazima ziuze telefone bila kufuli, na za zamani wazifungue bila malipo. Uingereza ilikataza kampuni kuuza telefone zilizofungwa kuanzia Desemba 2021. Ufaransa mteja anaweza kuomba ifunguliwe bure baada ya miezi 3. Marekani mara nyingi inabidi deni liishe kwanza. Simu moja ya ndugu kwa kampuni yake inaokoa safari nyingi za Bunia.

Kufuli la pili halihusu rezo. Ni la akaunti ya mwenye kwanza. Apple iliweka ulinzi huo mwaka 2013, na telefone za Android zikaupata mwaka 2015, ili mwizi asinufaike. Mtu akifuta telefone bila kuondoa akaunti yake, inapowaka tena inadai imeli na neno la siri la mwenyewe. Mama mmoja wa huku kwetu alinunua okazyo iliyokuwa ikifanya kazi vizuri kabisa. Majuma mawili baadaye mtoto akaijaza michezo, ikawa nzito, wakaifuta ianze upya. Ikaomba imeli ya mtu wasiyemjua. Mpaka leo inatumika kama kioo. Dawa yake ni kumwambia muuzaji aifute mbele yako, iwake upya kabisa, nawe uiandikishe kwa akaunti yako ukiwa bado umeshika fedha yako. Inachukua dakika chache. Muuzaji anayekataa dakika hizo amekwisha kukujibu.

Kufuli la tatu ndilo jipya, nalo linaniogopesha kuliko yote, kwa sababu linatoka karibu. Kenya, kampuni ya Safaricom ilianza mwaka 2020 kutoa telefone kwa malipo ya kila siku, mpango unaoitwa Lipa Mdogo Mdogo. Kampuni ya M-KOPA inafanya hivyo Kenya na pia Uganda. Mteja anatoa fedha kidogo mwanzoni, halafu analipa siku kwa siku, na asipolipa telefone inafungwa kutoka mbali mpaka alipe. Kwa yule aliyeweka sahihi ni mpango unaoeleweka. Lakini mdaiwa akimuuzia mtu mwingine, na telefone ikavuka mpaka wa Mahagi au Aru, deni linasafiri pamoja nayo. Utaitumia kwa amani siku kadhaa, halafu asubuhi moja kioo kitaandika kwamba unadaiwa. Kwa hiyo, muuzaji anapoifuta mbele yako, iunganishe na intaneti wakati wa kuiwasha. Bila intaneti kufuli hilo linaweza kulala. Ukiona maneno kwamba telefone inasimamiwa na kampuni fulani, weka chini. Na bei ikiwa nusu ya ile ya duka, uliza sababu kabla ya kufurahi.

Mengine kwa ufupi. Telefone za Android zilizo chini ya toleo la 5 hazipati tena WhatsApp tangu tarehe 1 Januari 2025, na iPhone 5s, 6 na 6 Plus ziliachwa mwaka huohuo. Bado zinauzwa, na muuzaji hatakuambia. Wengine wananiuliza kama ile kodi ya RAM iko bado, ile iliyokuwa inakata unite zetu kuanzia mwaka 2020, karibu dola 1 kwa mwaka kwa telefone ndogo na dola 7 kwa kubwa. Iliondolewa mwaka 2022, baada ya kelele nyingi za wananchi na za bunge. Mtu akikudai fedha ya RAM leo, anakula wewe.

Fedha yako iko kwenye namba, haiko kwenye kifaa. Karte ya SIM iandikishwe kwa jina lako mwenyewe, kwa karte yako ya uchaguzi. Wamama wengi wanatumia namba iliyoandikishwa kwa jina la shemeji, au la kijana wa kabini aliyewasaidia siku ile. Telefone ikiibiwa, ni yule mwenye jina anayeweza kwenda kwa kampuni kudai namba irudishwe, pamoja na fedha iliyomo. Kama ameondoka kwenda Mongbwalu, utamtafuta wapi?

Kuhusu malipo, wamama 10 wakitoa kila mmoja dola 10 kwa mwezi, kila mwezi mmoja anashika dola 100, na kwa fedha hiyo telefone mpya ya kawaida inapatikana. Ni miezi 10 badala ya miaka miwili, hakuna riba, na hakuna anayeweza kuizima kutoka mbali. Anayepata zamu asiende peke yake. Aende na mama mmoja anayejua kutazama, asubuhi, wakati mwanga ni mzuri na muuzaji hana haraka ya kufunga.

Mkirudi, bonyeza *#06# kama unayepiga simu. Zitatokea namba 15, na telefone ya karte mbili itaonyesha safu mbili. Zilinganishe na zile za boksi, kisha katibu aziandike ndani ya daftari la kikundi, pembeni ya jina lako na tarehe.