Kwa nini milia ya kivuko pekee haiwakingi wapita njia jijini Nairobi

SAA kumi na moja jioni, milango ya viwanda inapofunguliwa katika Eneo la Viwandani jijini Nairobi, maelfu ya wafanyakazi humiminika barabarani na kuanza safari ya kurudi makwao kwa miguu. Wapo wanaoelekea Mukuru, na wapo wanaokwenda mbali zaidi hadi Kibera. Nauli ya matatu asubuhi na jioni ingemeza sehemu kubwa ya ujira wao, hivyo hawana budi kutembea.

Kabla ya kufika nyumbani, kila mmoja wao hulazimika kuvuka barabara pana angalau mara moja. Hapo ndipo maisha ya wengi hukatizwa.

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA) zilionyesha kuwa watu 4,324 waliaga dunia katika ajali za barabarani nchini Kenya mwaka wa 2023, na 4,748 mwaka wa 2024. Kundi linalopoteza watu wengi zaidi mwaka baada ya mwaka si la abiria wala la madereva. Ni la wanaotembea kwa miguu, ambao huwa zaidi ya thuluthi moja ya wote wanaofariki.

Swali linalozuka ni hili: Je, wapita njia hawana sheria ya kuwalinda?

Sheria ipo. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamkataza dereva kuzidisha mwendo wa kilomita 50 kwa saa ndani ya mipaka ya mji au kituo cha biashara. Katika kivuko chenye milia, dereva anatakiwa kumpisha mtu aliyekwisha kuanza kuvuka. Kanuni za makosa madogo ya trafiki zilizochapishwa mwaka wa 2016 zilitaja faini ya Sh3,000 kwa dereva anayepuuza alama za barabarani, na Sh5,000 kwa anayeendesha gari kwenye njia ya miguu. Mpita njia anayezuia magari makusudi naye aliwekewa faini ya Sh500.

Kwa hivyo, kinachokosekana si maandishi. Ili kuelewa kwa nini kivuko kinashindwa kazi yake, ni lazima kwanza kuelewa mwendo.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri takriban mita 14 kila sekunde. Dereva akiona mtu mbele yake, sekunde moja hupita kabla ya mguu wake kufika kwenye breki. Breki nazo, hata zikiwa nzima na lami ikiwa kavu, huhitaji mita nyingine kama 14 kulisimamisha gari. Jumla ni mita 28 hivi. Gari hilo likikimbia kwa kilomita 80 kwa saa, umbali huo huongezeka maradufu na kukaribia mita 57. Mvua ikinyesha, au breki zikiwa zimechakaa, umbali huzidi hapo.

Mwili wa binadamu nao una kikomo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa hatari ya mtu kufa baada ya kugongwa na gari huongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Ndiyo sababu wataalamu hupendekeza mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na watu hukutana kwa wingi.

Sasa tazama upande wa anayevuka. Barabara yenye safu nne za magari ina upana wa mita 14 hivi. Mtu mzima mwenye afya huchukua takriban sekunde 12 kuimaliza, ilhali mtoto au mzee huchukua muda mrefu zaidi. Katika sekunde hizo 12, gari la kilomita 80 kwa saa litakuwa limesafiri zaidi ya mita 260. Hii ina maana kwamba mpita njia anatarajiwa kukadiria mwendo wa gari ambalo bado liko umbali wa zaidi ya viwanja viwili vya kandanda, tena pengine ni usiku na taa za barabara hazimuliki.

Kuna mtego mwingine. Dereva mmoja muungwana anaposimama kwenye kivuko, gari lake humficha anayevuka asionekane na dereva wa safu ya pili. Mpita njia hushukuru, hupiga hatua, kisha hukutana na gari au bodaboda ambayo haikusimama. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi pale matatu inaposimama juu ya milia yenyewe kushusha na kupakia abiria.

Kenya imewahi kuonyesha kwamba nidhamu barabarani inawezekana. Mwaka wa 2003, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, alitangaza kanuni ambazo zilianza kutekelezwa Februari 2004. Matatu ziliagizwa kuwa na mikanda ya usalama, mstari wa manjano na vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Madereva na utingo walivaa sare. Wengi walishangaa jinsi sekta iliyokuwa imeshindikana ilivyonyooka. Hata hivyo, waziri huyo alipohamishiwa wizara nyingine mwishoni mwa 2005, msako ulilegea na tabia za zamani zikarejea.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, kanuni hufuatwa pale mtu anapokuwa na hakika ya kukamatwa. Faini ziliongezwa maradufu na zaidi katika marekebisho ya sheria ya mwaka wa 2012, lakini faini kubwa haimtishi dereva anayeamini kwamba kitu kidogo kitamwokoa. Pili, kanuni za Michuki zilimlinda zaidi abiria aliye ndani ya gari. Kidhibiti cha kilomita 80 kinaweza kuzuia matatu kupinduka, lakini hakimsaidii mtu aliye mbele yake katikati ya kivuko.

Barabara Kuu ya Thika, iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka wa 2012, iliongeza ugumu. Upanuzi ulipunguza msongamano na kuyaongezea magari kasi katikati ya mitaa yenye watu wengi kama vile Roysambu na Githurai. Baadhi ya madaraja ya miguu yalijengwa baada ya magari kuanza kuitumia barabara hiyo.

Hata palipo na daraja, wapo wanaopita chini yake, na mara kwa mara polisi huwanasa na kuwafikisha kortini. Ni kosa la kuhatarisha maisha, na halipaswi kutetewa. Lakini daraja likiwa mita 300 kutoka steji, kwenda na kurudi upande wa pili ni mita 600 za ziada, yaani zaidi ya dakika nane za kutembea. Mama aliyebeba gunia la viazi, au mlemavu anayetumia kiti cha magurudumu, huhesabu dakika hizo kwa namna tofauti na mhandisi. Usiku, daraja lisilo na taa huogopewa kwa sababu ya wezi. Kuwakamata watu bila kulisogeza steji karibu na daraja ni kutibu nusu ya ugonjwa.

Katikati ya jiji nako, askari wa trafiki huonekana wakiongoza magari kwenye mizunguko ya Barabara ya Uhuru hata taa zinapofanya kazi. Nia ni kupunguza foleni. Lakini dereva akizoea kupita kwenye taa nyekundu kwa ishara ya mkono, taa hiyo hupoteza heshima siku askari asipokuwepo, na mpita njia aliyekuwa akiitegemea hubaki bila kinga.

Isitoshe, majukumu yamegawanyika. Tangu sheria ya barabara ya mwaka wa 2007, barabara kuu ziko chini ya KeNHA na nyingi za mijini chini ya KURA, huku serikali ya kaunti ikiwa na sehemu yake. Anayepaka milia siye anayewakamata wakosaji, na anayewakamata hana uwezo wa kujenga tuta.

Tiba yenyewe si siri. Kivuko kinapoinuliwa juu ya tuta pana, dereva hupunguza mwendo apende asipende, awepo askari au asiwepo. Kisiwa kidogo katikati ya barabara humwezesha mtu kuvuka kwa awamu mbili. Steji likisogezwa mbali kidogo na milia, matatu haizibi macho ya madereva. Taa nazo humfichua anayevuka usiku. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya kuwajali wanaotembea na waendesha baiskeli mwaka wa 2015, kwa hivyo msingi wa kazi hiyo upo.

Hadi mambo hayo yatakapotekelezwa kila mahali, mpita njia anashauriwa asubiri safu zote za magari zisimame, si moja tu, na amtazame dereva machoni kabla ya kupiga hatua. Dereva naye anapoliona gari jingine limesimama kwenye milia, asilipite. Huenda kuna mtu mbele yake asiyemwona, ambaye watoto wake wanamngoja nyumbani kwa chakula cha jioni.