Mila za Watunza Msaada wa GNOME

Kila Machi na kila Septemba, GNOME hutoa toleo jipya. GNOME ndiyo sura ambayo watumiaji wengi wa Linux huikuta wanapowasha kompyuta: madirisha, menyu, saa iliyo katikati juu ya skrini, mahali pa kubadilishia mipangilio. Miguel de Icaza na Federico Mena Quintero, vijana wa Mexico, waliianzisha mwaka 1997, na hadi leo inajengwa na watu waliotawanyika duniani, baadhi wakilipwa na kampuni, baadhi wakijitolea. Ndani ya jumuiya hiyo wamo watu wachache wasiotajwa sana, nao ni waandishi wa msaada. Wao ndio wenye kurasa zinazofunguka pale mtu aliyekwama anapobonyeza F1.

Mwaka wao unafuata toleo. Wiki kadhaa kabla ya siku ya kutoa, muonekano hugandishwa. Tangu hapo hakuna anayehamisha kitufe wala kubadili jina la menyu bila kuomba ruhusa kwa wasimamizi wa toleo, na waandishi wa msaada nao hupaswa kujulishwa. Mimi naiona desturi hii kuwa adabu kubwa kuliko zote walizonazo. Watengenezaji programu wanakubali kuzuia mikono yao ili mwenzao apate kuandika juu ya kitu kilichotulia, na watafsiri nao wapate muda wa kumfuata.

Pasipo adabu hiyo anayeumia ni mtumiaji. Septemba 2023, katika GNOME 45, neno “Activities” lililokuwa limekaa kwenye kona ya juu kushoto tangu 2011 liliondolewa, na mahali pake pakawekwa alama ndogo inayoonyesha uwanja wa kazi (workspace) uliopo. Kwa aliyeandika msimbo, hayo yalikuwa mabadiliko ya sehemu moja. Mwandishi wa msaada alikuwa na kazi nyingine: kusaka kila sentensi inayomwambia msomaji abofye neno ambalo halipo tena. Miaka miwili na nusu kabla ya hapo, GNOME 40 ilizilaza nyanja za kazi zilizokuwa zikipangwa kwenda juu na chini, zikawa za kushoto na kulia, na maelekezo nayo yakabidi yageuzwe. Mtu mzoefu atacheka tu akikuta “nenda chini” ya zamani. Aliyeanza kompyuta juzi hacheki. Atatafuta kitu hicho, asikione, kisha aamini kuwa mwenye kosa ni yeye. Ukurasa uliopitwa na wakati humwondolea mtu imani na akili yake mwenyewe, na ndiyo sababu kusasisha ni kazi nzito kama kuandika upya.

Zamani msaada huu ulikuwa kitabu. Enzi za GNOME 2, iliyotoka mwaka 2002, sehemu kubwa ya mwongozo iliandikwa na waandishi wa kampuni ya Sun Microsystems, sura baada ya sura. GNOME 3 ilipokuja mwaka 2011, muundo huo uliachwa. Shaun McCance alikuwa amebuni lugha iitwayo Mallard, ambayo kila ukurasa wake hujibu swali moja na wenyewe hutangaza uko chini ya mwongozo gani. Yelp, programu ya kusomea msaada, ndiyo inayopanga orodha. Jambo hili linaonekana la kiufundi, lakini lilibadilisha maisha ya jumuiya, kwa kuwa mtu mpya anaweza kuongeza ukurasa bila kugusa orodha kuu wala kuvuruga kazi ya mwingine.

Fungua faili la ukurasa wowote utaona mila zao zimeandikwa kichwani. Pana hali ya ukurasa: mbegu tu, rasimu, umepitwa na wakati, unasubiri kupitiwa, umekamilika. Pana toleo na tarehe uliposhughulikiwa mara ya mwisho. Kisha majina ya walioandika, pamoja na miaka. Anayesasisha huongeza jina lake chini ya waliomtangulia, na leseni ya Creative Commons wanayoitumia inadai waandishi watambuliwe. Picha za skrini hutumiwa kwa uchache, maana picha huchakaa upesi, na kila lugha ingehitaji ya kwake.

Wageni wanathaminiwa hapa kwa sababu ya kweli. Mgeni njoo, mwenyeji apone: asiyejua ndiye anayeona hatua iliyorukwa. Mpango wa kuwaingiza wanawake, ulioanza ndani ya GNOME mwaka 2006 na sasa unaitwa Outreachy, ulileta pia waandishi wa msaada.

Watafsiri nao wana lao. Msaada hukatwa vipande, kwa kawaida aya kwa aya, na kila kipande cha Kiingereza hufungwa na tafsiri yake. Mwandishi akihamisha koma moja, tafsiri za kipande hicho katika lugha zote hupoteza uhakika, na mpaka mtu azipitie, msomaji huonyeshwa Kiingereza. Kwa hiyo mwandishi mwenye adabu hagusi sentensi nzuri kwa sababu ya kupenda kwake tu. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaujua ugumu huu: kundi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lilipoitafsiri OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, katikati ya miaka ya 2000 na kuiita Jambo OpenOffice, kazi ilikuwa ya kusifiwa, lakini programu haikusimama kuwasubiri. Tafsiri isiyo na mtu wa kuihudumia kila toleo huachwa nyuma.

Mikono bado ni michache, na hilo linanisikitisha. Kuingia hakuhitaji kujua kuandika programu. Tangu 2018 kazi hii iko kwenye GitLab ya GNOME, tovuti inayohifadhi faili za mradi, na aliyekuta maelekezo yasiyolingana na skrini yake anaweza kufungua taarifa: ataje ukurasa, ataje toleo la GNOME alilonalo, aandike hatua aliyofuata na kile alichokiona badala ya kilichoahidiwa.