Mtaimbo wa Cavendish na Hatamu za Akili

Alasiri ya tarehe 13 Septemba, 1848, karibu na mji wa Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, nyapara wa miaka 25 aitwaye Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba ili ipasuliwe njia ya reli, mara baruti ikalipuka, na mtaimbo uliokuwa mkononi mwake, wenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito upatao kilo 6, ukamwingia shavuni upande wa kushoto, ukapita nyuma ya jicho, ukatokea utosini. Yeyote angaliambiwa habari hiyo angaliuliza maziko ni saa ngapi. Kumbe Gage alikuwa ameketi kitini nje ya hoteli, akizungumza na tabibu aliyekuja kumtazama.

Tabibu John Harlow, aliyemwuguza, aliona jambo la ajabu zaidi ya uhai wenyewe: hafidha ya mgonjwa ilikuwa timamu, walakini kwa kokoto chache alizookota kwenye mkondo wa mto wa kale alikataa kupokea dola 1,000. Hata alipopata nguvu, yule nyapara aliyesifiwa kwa busara akawa mtu wa kubuni shauri hili na kuliacha kabla halijatimia, hata waajiri wake wasimrudishe katika cheo chake.

Kwani kujua ni jambo moja, na kukata shauri ni jambo jingine. Mama aendaye sokoni, akiishika moyoni bei ya duka la kwanza huku akiuliza ya duka la tatu, akikumbuka kwamba kesho ana wageni, akajizuia asinunue kitambaa kilichompendeza, anaitumia sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile ile iliyojeruhiwa na mtaimbo wa Gage. Hiyo ndiyo iitayo kumbukumbu zilizohifadhiwa kwingineko, ikazipima, ikaitia nafsi lijamu.

Baadaye Gage alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi kwa miaka kama saba, kazi yenye saa maalumu na taratibu zisizobadilika, na wapo wataalamu waonao kwamba taratibu hizo zilimsaidia kurejewa na sehemu ya utu wake kabla hajafariki mwaka 1860. Basi tukimwona jamaa aliyeumia kichwa, akumbukaye yote na asiyeweza kuamua lolote, tusimwite mkaidi. Tumpangie siku yake kwa subira, apate pa kushika hatamu.