Kijana, Mbele ya Kushuka na Chukudu

Wewe kijana wa chukudu, huku Masisi na Pinga, fanya hesabu hii mbele ya kushuka mlima. Chukudu, mzigo na wewe mwenyewe ni kilo 200. Mwendo ni mita 5 kwa sekunde. Zidisha: 1000. Ukigonga mtoto wa kilo 50 aliyesimama, mkaenda pamoja, ile 1000 haipotei. Bwana Newton wa Uingereza alieleza sheria hiyo mwaka wa 1687. Igawanye kwa kilo 250: mita 4. Wewe umepoteza mita 1 tu. Mtoto amerushwa na 4 mara moja! Basi, shika freni mapema. Ukishuka na nusu ya mwendo, naye atarushwa na nusu. Wazazi, mteremko si kiwanja cha michezo.