Kiurdu: Lugha ya Taifa, Wenyewe Wachache

Sisi tulio Dubai, Doha au Muscat, Kiurdu hatukikwepi. Dereva teksi wa Peshawar na kinyozi wa Lahore hupiga soga kwa lugha hiyo, ingawa nyumbani kwao mmoja husema Kipashto na mwingine Kipunjabi. Ndiyo maana wengi wetu tunadhani kila Mpakistani kanyonya Kiurdu kwa mama. Wapi! Katika sensa ya Pakistan ya 2023, waliokitaja kuwa lugha ya mama ni kama asilimia 9 tu. Wenyewe wengi wako India: sensa ya 2011 iliwapata zaidi ya milioni 50.

Si ajabu, kwani kwao ni huko. Kilikulia Delhi na viunga vyake, kutokana na lahaja ileile iliyozaa Kihindi, kikajaa maneno ya Kiajemi na Kiarabu, kisha kikanolewa na washairi wa Delhi, Lucknow na Hyderabad. Ghalib, mshairi wao mkubwa, alizaliwa Agra na kufia Delhi mwaka 1869, Pakistan haijawa hata ndoto. Mpaka leo mtu wa Delhi na wa Karachi wanaelewana sokoni bila mkalimani. Kwenye maandishi ndipo wanapoachana: Kihindi huanzia kushoto kwa Devanagari, Kiurdu huanzia kulia kwa nastaliki, hati ya Kiajemi yenye maringo kiasi kwamba hadi miaka ya 1980 magazeti yaliandikwa kwa mkono kabla ya kwenda mtamboni.

India ilipogawanywa mwaka 1947, Waislamu wengi wenye lugha hii walihamia Karachi, na taifa jipya la Pakistan likaifanya lugha yake. Kuwa na lugha ya taifa ambayo wengi hawakuzaliwa nayo si kosa. Tanzania nayo ilichukua lugha ya pwani ikaieneza bara. Kosa lilikuwa kuwalazimisha Wabengali wa upande wa mashariki wa Pakistan, waliokuwa zaidi ya nusu ya raia wote. Machi 1948 Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa Pakistan, alitangaza mjini Dhaka kwamba lugha ya taifa ni Kiurdu peke yake. Hotuba yenyewe, ya mtu aliyetoka katika familia ya Kigujarati, aliitoa kwa Kiingereza.

Tarehe 21 Februari 1952 polisi waliwapiga risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana Dhaka kudai Kibengali. Mwaka 1971 upande huo wa mashariki ulijitenga ukawa Bangladesh, na mwaka 1999 UNESCO iliitangaza tarehe hiyo ya Februari kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama.