Tuisheni ya Hisabati na Fizikia: Kulitafuta Kosa Lilipojificha

Tuisheni, yaani masomo ya ziada ambayo mzazi humlipia mwanawe nje ya ratiba ya shule, ni jambo la kawaida katika miji ya Tanzania, na miongoni mwa masomo yanayowapeleka wanafunzi huko ni hisabati na fizikia. Sababu haiko mbali: katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2021, na vilevile wa 2022, waliofaulu hisabati walikuwa takriban mmoja tu kati ya kila watahiniwa watano.

Hisabati hujengwa kama ukuta, ambapo tofali la leo hukaa juu ya lile la jana, hivyo kosa lililoanzia shule ya msingi huweza kumfuata mwanafunzi hadi sekondari bila mtu kulitambua. Mfano mzuri ni magazijuto, kanuni ya mpangilio wa matendo iliyoundwa kwa silabi za mwanzo za mabano, gawanya, zidisha, jumlisha na toa. Mwanafunzi aliyeikariri neno kwa neno hudhani kuwa kujumlisha ni lazima kutangulie kutoa, kwa hiyo akipewa 10 − 3 + 2 hupata 5, ilhali matendo hayo mawili yana hadhi sawa, hufanywa kuanzia kushoto kwenda kulia, na jibu ni 9. Kwa kuwa akipewa 2 + 3 × 4 atapata 14 bila shida, mwalimu wa darasa lenye wanafunzi wengi, ambaye pia anakimbizana na muhtasari wa somo, humwekea tiki hapa na mkasi pale, asipate nafasi ya kujua mkasi ule umetoka wapi. Mwalimu anayekaa na mwanafunzi mmoja humwambia aeleze kwa sauti alivyofanya, na hapo kosa hujitokeza lenyewe.

Katika fizikia tatizo huongezewa na lugha. Sokoni gunia huwa na uzito wa kilo 50, lakini katika fizikia kilo hupima tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu, na uzito ni kani ya mvutano wa dunia inayopimwa kwa nyutoni, ambayo kwa gunia hilo ni takriban nyutoni 500. Mwanafunzi aliyesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali hukutana na dhana hizi upya kwa Kiingereza akiingia sekondari, na mara nyingi kinachomshinda ni swali lenyewe kuliko fizikia iliyomo. Kumrudisha kwenye Kiswahili mpaka dhana ikae, kisha kumvusha, ni kazi inayohitaji subira ambayo kipindi cha dakika 40 hakina.

Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alionyesha kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake au na wenzake wachache aliwapita takriban asilimia 98 ya waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Tafiti za baadaye zimepata manufaa madogo kuliko hayo, ingawa bado ni ya kutosha kuthaminiwa, na linalosahauliwa ni kwamba wanafunzi wa Bloom walipimwa mara kwa mara na kusahihishwa kabla ya kusonga mbele.

Kwa hiyo banda lenye wanafunzi sitini wanaonakili majibu ya mitihani iliyopita ni darasa la pili linalolipiwa, hata likiitwa tuisheni. Hata tuisheni nzuri ina mipaka yake: Kenya, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ilikataza kabisa tuisheni ya likizo, na kweli mtoto aliyechoka hafundishiki. Mzazi asiye na uwezo wa kulipa anaweza kuwakutanisha watoto watatu wa jirani wafundishane, mradi kila mmoja aeleze hatua zake. Anayelipa naye na afungue daftari la mwanawe: likijaa kazi safi za ubaoni zisizo na kosa hata moja, fedha yake bado haijamfikia mtoto.