Mfanyakazi Husikilizwa Kabla ya Kuachishwa Kazi

Katika maduka, mashine za kusaga na nyumba za wageni, bado kuna mwajiri ambaye, akikuta upungufu wa fedha jioni, humkaripia mfanyakazi mbele ya wateja na kumwambia asirudi kesho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimzuii mwajiri kumwachisha kazi mtu aliyeiba. Inamtaka awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki.

Utaratibu huo umefafanuliwa katika Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, nao huanza na uchunguzi. Ikionekana kuna tuhuma, mfanyakazi huelezwa kwa lugha anayoielewa. Hupewa muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na huweza kusindikizwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Aliyekaripiwa hadharani huzibwa kinywa, na mwajiri naye huukosa ukweli: pengine bidhaa zilikopeshwa na deni limo katika daftari.

Aliyeachishwa isivyo haki huwasilisha mgogoro wake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwa kujaza fomu CMA F1. Siku hizo hupita upesi, hasa kwa anayengoja hasira za mwajiri zipoe. Mwenye chini ya miezi 6 kazini hana kinga hiyo ya kuachishwa isivyo haki, lakini ujira wa siku alizofanya kazi hulipwa.